Jeni inanakiliwa, lakini inatoa protini? Njia nne za kujua, na ipi ikufae

Umefungua data ya RNA ya misuli, damu au uvimbe wa saratani, ukakuta jeni inayonakiliwa waziwazi. RNA ipo, tena si haba. Ukienda kwenye hifadhidata, moja inasema jeni hiyo haina protini, nyingine inaiweka kwenye fungu la zisizo na uhakika, ya tatu inaonyesha protini fupi ambayo hakuna maabara iliyowahi kuiona. Msimamizi wako anataka jibu moja, na fedha za mradi zinatosha jaribio moja. Makala hii ni ya aliyekwama hapo: mwanafunzi wa uzamili, mtafiti wa hospitali anayechunguza jeni za wagonjwa, au mwandishi wa sayansi asiyejua atumie neno gani bila kudanganya.

Wenye fani wamekwama hapo kwa miongo. Rasimu ya jenomu ya binadamu ilipochapishwa mwaka 2001, makadirio yalikuwa jeni 30,000 hadi 40,000 zenye kutoa protini. Mwaka 2004 yakashuka hadi kati ya 20,000 na 25,000. Leo orodha kubwa zinakaa chini kidogo ya 20,000. Wanasayansi waliwahi hata kuwekeana dau juu ya idadi hiyo, kuanzia mwaka 2000 huko Cold Spring Harbor, New York. Aliyetangazwa mshindi mwaka 2003, Lee Rowen, alikuwa ametaja 25,947, miongoni mwa makisio madogo kabisa, na bado ilikuwa nyingi mno. Wakati zenye protini zikipungua, zinazonakiliwa bila protini inayojulikana zimekuwa zikiongezeka, na sasa zinahesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Shida ni kwamba fungu hili limechanganya mambo yasiyofanana. Kuna XIST, iliyoelezwa mwaka 1991: RNA yake ndefu ya herufi 17,000 hivi ndiyo inayonyamazisha kromosomu X moja katika seli za wanawake. Haitoi protini wala haina haja nayo. Kuna PTENP1 iliyo kwenye kromosomu ya 9, nakala ya jeni ya PTEN inayozuia saratani. Kodoni yake ya kuanzia (kodoni ni herufi tatu zinazosomwa pamoja, na hii ndiyo inayoashiria mwanzo wa protini) imeharibika, kwa hiyo protini haitarajiwi, lakini mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba RNA yake huvuta kwake RNA ndogondogo ambazo vinginevyo zingeikandamiza PTEN yenyewe. Halafu kuna mayoregulini, iliyokaa kwenye orodha ya RNA zisizo na protini hadi mwaka 2015, kikundi cha watafiti wa Dallas kilipogundua kwamba inatoa protini ya asidi amino 46 tu, yenye kazi maalumu kwenye misuli. Ilipitwa kwa sababu programu za zamani zilizoea kutupa kila fremu ya usomaji, yaani mfululizo wa kodoni kuanzia ya kuanzia hadi ya kusitisha, isiyofika kodoni 100.

Na kuna aina ya nne ambayo wengi huisahau: jeni inayotoa protini kamili kwa mtu mmoja na isitoe kwa jirani yake. Nitairudia, kwa kuwa inatuhusu Waafrika moja kwa moja.

Vigezo kwanza

Nimeziweka njia nne kwenye mizani ya maswali yaleyale manne. Njia inathibitisha nini hasa? Inakosea vipi, yaani lini inasema "ndiyo" ya uongo na lini "hapana" ya uongo? Inadai nini: sampuli, mashine, muda, au kompyuta peke yake? Na inamfaa nani?

Swali la kwanza ndilo lenye uzito kuliko yote. Migogoro mingi ya fani hii hutokea kwa sababu mtu mmoja amethibitisha kwamba RNA inatafsiriwa, yaani inasomwa kutengeneza mnyororo wa asidi amino, mwingine anasikia kwamba protini ipo, na wa tatu anaandika kwamba protini inafanya kazi. Hayo ni madai matatu tofauti, na ushahidi wa moja haubebi mengine.

Njia ya kwanza: alama za mageuko ya viumbe

Inathibitisha nini. Unalinganisha kipande chako na kile cha sokwe, panya, ng'ombe, popo na wengineo. Kama kipande kimekuwa kikilinda protini kwa mamilioni ya miaka, mabadiliko yake yana mpangilio: herufi ya tatu ya kodoni hubadilika kwa urahisi kwa kuwa mara nyingi haigusi asidi amino, na herufi zinazodondoka hudondoka tatutatu ili fremu isihame. Zana inayotumika sana ni PhyloCSF, iliyotoka MIT mwaka 2011. Alama yake ikiwa juu, una sababu nzuri ya kuamini kwamba protini ya kipande hicho ilikuwa na manufaa kwa mababu wa spishi hizo.

Inakosea vipi. "Hapana" yake ya uongo huwapata vijana na wafupi: jeni iliyozaliwa katika ukoo wa nyani na binadamu haina historia ya kulinganisha, na fremu ya kodoni 25 ina herufi chache mno kutoa alama ya kuaminika. "Ndiyo" yake ya uongo ni ya kuvutia zaidi. Jeni iliyokufa kwa binadamu peke yake bado itaonekana hai, kwa sababu katika wanyama wengine wote ni nzima. CASP12 ni mfano: panya wanayo kamili, ilhali watu wengi duniani wana kodoni ya kusitisha katikati yake.

Inadai nini. Kompyuta na intaneti. Kivinjari cha jenomu cha UCSC kinaonyesha alama za PhyloCSF bure, na anayejua kusoma fremu tatu za kila uzi anapata picha ya kwanza ndani ya saa moja.

Inamfaa nani. Kila mtu kama hatua ya kwanza. Haimfai anayetaka kusema jambo kuhusu tishu fulani au mgonjwa fulani, maana mageuko hayajui lolote kuhusu ini la huyu au damu ya yule.

Njia ya pili: nyayo za ribosomu

Inathibitisha nini. Ribosomu, mashine ya seli inayosoma RNA na kutengeneza protini, inapokuwa juu ya RNA huifunika kama herufi 28 hadi 30. Ukisimamisha kazi ya seli, ukayeyusha kwa kimeng'enya RNA yote isiyofunikwa, kisha ukasoma vipande vilivyosalia, unapata ramani ya mahali ribosomu zilipokuwa. Mbinu hiyo, maarufu kama Ribo-seq, ilitangazwa mwaka 2009 na watafiti wa San Francisco waliotumia hamira. Uzuri wake ni kwamba ribosomu hutembea herufi tatutatu, kwa hiyo tafsiri ya kweli huacha mdundo wa tatu katika data. Ukiuona mdundo huo kuanzia kodoni ya kuanzia hadi ya kusitisha, una ushahidi mzito kwamba kipande kinatafsiriwa, katika seli zako, siku hiyo.

Inakosea vipi. Kuona daladala ikipita kituoni si ushahidi kwamba abiria kashuka. Ribosomu hupita kwenye vipande vingi vifupi vilivyo mbele ya protini kuu, na mara nyingine kupita huko ndiko kunakodhibiti kiasi cha protini kuu. Mnyororo unaotengenezwa huvunjwa papo hapo. Mwaka 2011 ilidaiwa kwamba RNA ndefu nyingi zilizodhaniwa kuwa kimya zina ribosomu juu yake. Mwaka 2013 uchambuzi mwingine ukajibu kwamba ribosomu hizo haziachii zinapofika kodoni ya kusitisha kama inavyotokea kwenye protini halisi, kwa hiyo zisihesabiwe. Hoja haijafungwa kabisa. Mwaka 2022 GENCODE, mradi unaotunza orodha ya jeni za binadamu, na washirika wake walikusanya fremu 7,264 zilizoripotiwa kwa njia hii, wakaziorodhesha kwa utaratibu mmoja, lakini hawakuziita protini. Mimi naona uamuzi huo ulikuwa wa busara: zinaonekana, zinahesabika, na hakuna anayelazimishwa kuamini zaidi ya data.

"Hapana" yake ya uongo ni rahisi kueleza: kama jeni haifanyi kazi katika seli ulizochagua, hutaiona hata ukisoma mara elfu.

Inadai nini. Seli hai au tishu iliyogandishwa haraka, mikono iliyozoea RNA, na usomaji wa kina kwa sababu RNA ya ribosomu zenyewe humeza sehemu kubwa ya matokeo. Lakini data nyingi ziko wazi tayari. GWIPS-viz, inayotunzwa na wanasayansi wa Cork nchini Ireland, inakuruhusu kutazama nyayo kutoka majaribio ya wengine bila kugusa pipeti.

Inamfaa nani. Anayetafuta protini fupi, na anayetaka kujua nini kinatafsiriwa katika hali fulani: seli yenye njaa, seli iliyoambukizwa virusi, seli ya saratani.

Njia ya tatu: spektrometria ya masi

Inathibitisha nini. Hapa ndipo protini yenyewe inaposhikwa. Protini za sampuli hukatwakatwa, kwa kawaida kwa tripsini inayokata baada ya lisini na arjinini, kisha mashine hupima uzito wa vipande na vijipande vyake, na programu hutafuta mfuatano unaolingana. Ukipata peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, ambazo haziwezi kutoka kwenye jeni nyingine yoyote, unaweza kusema protini ipo.

Inakosea vipi. Watu huiamini kupita kiasi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mwaka 2014 rasimu mbili za protini zote za binadamu zilichapishwa pamoja katika jarida la Nature. Moja ilitaja ushahidi wa jeni zaidi ya 17,000, nyingine zaidi ya 18,000. Zilikuwa kazi kubwa. Lakini wachambuzi waliozipitia waligundua kwamba kila moja ilidai kuona zaidi ya vipokezi mia moja vya harufu, wakati hakuna sampuli hata moja iliyotoka kwenye tishu ya pua. Vipokezi hivyo ni vigumu kuonekana hata mahali vinapopaswa kuwepo. Kosa lilikuwa la takwimu: ukilinganisha mamilioni ya picha za mashine na orodha ndefu ya mfuatano, vipande vichache dhaifu vitafanana na chochote, na makosa hayo hujilimbikiza hasa kwenye jeni ambazo hazina protini.

Ndiyo maana mradi wa kimataifa wa protini za binadamu, ulio chini ya HUPO, shirika la kimataifa la watafiti wa protini, unadai angalau peptidi mbili za kipekee, kila moja isiyopungua asidi amino tisa, moja isiwe imefichwa ndani ya nyingine. Kwa kanuni hizo kali, mradi ulitangaza mwaka 2020 kwamba zaidi ya asilimia 90 ya protini zinazotarajiwa zimeshuhudiwa. Zilizobaki ndizo zinazotuumiza kichwa.

Kanuni hiyohiyo huwabana wafupi. DWORF, protini ya misuli ya moyo yenye asidi amino 34, haina nafasi ya kutoa peptidi nyingi za kufaa. Tripsini ikikata vibaya, huna kitu. Kwa jeni mfu kama PTENP1 tatizo ni jingine: mfuatano wake unafanana mno na mzazi wake PTEN, kwa hiyo peptidi nyingi hazikuambii zimetoka kwa nani.

Jambo moja zaidi. Peptidi zinazooneshwa kwenye uso wa seli na molekuli za HLA, zinazoionyesha kinga ya mwili kilichomo ndani ya seli, mara nyingi hutoka kwenye fremu zisizo kwenye orodha rasmi. Kwa anayetafuta shabaha za chanjo ya saratani hizo ni dhahabu. Kwa anayetaka protini thabiti yenye kazi, si ushahidi: kilichooneshwa huenda ni mabaki ya mnyororo uliovunjwa mara tu ulipotoka.

Inadai nini. Mashine ghali na mtaalamu wa kuiendesha. Ila hazina za wazi kama PRIDE na PeptideAtlas zina matokeo ya miaka mingi, na unaweza kuuliza kama peptidi zako zimewahi kuonekana popote.

Inamfaa nani. Anayehitaji kutamka neno "protini" mbele ya watu wasio na huruma.

Kingamwili je? Wengi hukimbilia huko kwa sababu bomba na rangi vipo kila maabara. Kwa jeni isiyo na hakika ningekuwa mgumu: kingamwili ikishika kitu, utajuaje ni hicho? Bila seli ambazo jeni imeondolewa kama kipimo cha kulinganisha, bendi nzuri kwenye jeli ni mapambo.

Njia ya nne: kuharibu kodoni ya kuanzia

Inathibitisha nini. Njia tatu zilizopita hazisemi kama protini ina kazi leo. Hii ndiyo inayouliza. Lakini iangaliwe inavyofanywa, kwa sababu kufuta jeni nzima kwa CRISPR, zana ya kukata DNA, hakujibu swali letu: ukifuta kila kitu na seli ikaumwa, hujui ilikosa RNA au ilikosa protini. Jaribio sahihi hubadilisha herufi moja au mbili za kodoni ya kuanzia, RNA ibaki karibu kama ilivyo, protini ipotee. Kisha unarudisha protini ileile kwa kutumia kodoni mbadala, yaani RNA tofauti yenye ujumbe uleule. Seli ikipona, kazi ilikuwa ya protini.

Mfano mzuri ni LINC00961, ambayo jina lake tu linatangaza kwamba haina protini (LINC ni kifupi cha Kiingereza cha RNA ndefu isiyotoa protini). Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba inatoa protini ya asidi amino 90, wakatengeneza panya ambao RNA hiyo ipo ila protini haipo. Misuli ya panya hao iliyojeruhiwa ilijijenga upya haraka zaidi. RNA ileile, protini imeondoka, matokeo yamebadilika: hoja imekamilika.

Inakosea vipi. Ukimya wake hauna maana moja. MALAT1 ni RNA inayopatikana kwa wingi mno katika seli, ikahusishwa na kusambaa kwa saratani ya mapafu mwaka 2003. Panya walioondolewa jeni hiyo, kama ilivyoripotiwa mwaka 2012, waliishi bila kasoro ya wazi. Kazi huenda inaonekana tu chini ya msongo, au kuna mwenza anayejaza pengo.

Inadai nini. Miezi, kibali cha maadili kama kuna wanyama, na seli ambazo ndani yake jeni yako ina shughuli.

Inamfaa nani. Aliye tayari na ushahidi wa njia nyingine mbili. Kuanzia hapa ni kupoteza fedha.

Majibu yakigongana

Yatagongana. Mageuko yakisema ndiyo na spektrometria ikisema hapana, shuku tishu: huenda protini iko kwenye korodani, pua au kijusi, mahali ambapo hukutazama. Ribosomu zikisema ndiyo na njia mbili hizo zikisema hapana, una moja kati ya mambo mawili: protini changa ya ukoo wetu, au tafsiri ya udhibiti isiyoacha protini. Ikiwa spektrometria peke yake ndiyo inayosema ndiyo, huku ribosomu na mageuko vikikana, mimi huanza kwa kuitilia shaka peptidi kabla ya kufurahi. Na mageuko yakisema ndiyo wakati mfuatano wa binadamu una kodoni ya kusitisha, tazama mfuatano wa mtu uliyenaye mkononi.

Hapo ndipo CASP12 inaporudi. Toleo kamili, lisilo na kodoni ya kusitisha, limebaki kwa baadhi ya watu wenye asili ya Afrika, na utafiti wa mwaka 2004 ulilihusisha na mwitikio hafifu wa kinga dhidi ya sumu za bakteria. Hifadhidata inayofuata jenomu moja ya rejea haiwezi kukuambia sampuli ya Mwanza au Kisumu ina toleo gani. Kundi la damu O ni somo hilohilo kwa sura nyingine: katika aina yake ya kawaida herufi moja imedondoka, fremu imehama, na kimeng'enya kinachotoka hakifanyi kazi. Jeni ya ABO ni ileile, nayo inafanya kazi kwa mtu wa kundi A.

Kulingana na hali yako

Una kompyuta tu na tasnifu ya kuandika: anza na PhyloCSF kwenye UCSC, nenda GWIPS-viz, malizia PeptideAtlas. Njia tatu bila senti ya kemikali, na ukiandika kila moja ilisema nini kando kando, sura nzima ya tasnifu imepatikana.

Una maabara ya seli na unatafuta protini fupi: weka fedha kwenye nyayo za ribosomu, kisha tafuta peptidi katika sampuli zilezile badala ya kutegemea za wengine.

Jeni yako ni nakala iliyokufa ya jeni nyingine: soma DNA ya sampuli kwanza, orodhesha peptidi zinazotofautisha nakala na mzazi, ndipo uamue kama spektrometria ina maana. Pengine hakuna hata peptidi moja ya kipekee, na utakuwa umeokoa bajeti. Usisahau pia kuuliza kama RNA yenyewe ndiyo yenye kazi.

Uko hospitalini na mgonjwa ana badiliko kwenye jeni ya namna hii: angalia kama badiliko liko kwenye toleo la RNA ya jeni lililokubaliwa na MANE, orodha ya pamoja ya Ensembl na RefSeq. Jeni isipokuwa na ushahidi wa protini, usiliite badiliko hilo "linaloharibu protini" kwenye ripoti, hata kama programu imeliweka rangi nyekundu.

Unatafuta shabaha za kinga dhidi ya saratani: ribosomu pamoja na peptidi za HLA. Mageuko yaache pembeni, kwa kuwa uvimbe haujali historia.

Unataka kuifanya jeni hiyo kuwa shabaha ya dawa: hakuna njia ya mkato ya kuikwepa kodoni ya kuanzia.

Unaandika kwa umma: andika "hakuna protini iliyothibitishwa hadi sasa" pale ambapo hakuna aliyetafuta vya kutosha, na "haitoi protini" kwa zile kama XIST, ambazo kazi ya RNA yenyewe imeshajulikana.